Risasi kwa Ajili ya Jicho la Kulia

Jumamosi, 6 Aprili

Kindi wa shimoni wametoka. Nimehesabu thelathini na mmoja kabla kahawa haijapoa, wote kwenye majani ya ng'ombe. Mwaka jana farasi wetu Dolly alitumbukiza mguu katika shimo lao, ukavunjika, na mume wangu Merle ikabidi ammalize mwenyewe. Hakula siku mbili.

Na mimi nimekaa dirishani kama mgeni. Bunduki yangu, ile ya kipimo cha mia mbili hamsini, imo kabatini. Daktari aliyenishona jicho la kulia wakati wa baridi alisema wazi: bunduki inayopiga teke begani, basi. Utando wa nyuma ya jicho ukibanduka tena, haahidi kitu. Nina miaka sitini na miwili. Napiga shabaha klabuni tangu nina ishirini na sita.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimempigia daktari. Bunduki ndogo je? Akasema yeye hajui bunduki, anajua macho. Kama haitikisi kichwa, nijaribu kidogo. Nikiona vimulimuli vya mwanga jichoni, niache, niende kwake mbio.

Kidogo — neno tamu.

Jumanne, 9 Aprili

Tumekwenda na Merle kwa Lowell, fundi bunduki wa mjini. Alisoma na Merle, hunitania tangu harusi.

"Shemeji, unataka bunduki au unataka mto wa kulalia?"

Nikamwambia nataka risasi moja ya kazi mbili: itoboe karatasi ya shabaha yadi mia mbili, imfikie na kindi ng'ambo ya mfereji wa shamba. Na isinisukume.

Akapanga mezani aina nne, kwa vipimo vyake. Ya kumi na saba, nyembamba kama msumari, haina teke kabisa. Ile iitwayo Honeti, ya enzi za baba yangu. Mbili-mbili-mbili. Halafu mbili-mbili-tatu, ambayo kila mtu anayo. Merle akaishika ile ya kumi na saba, akaigeuzageuza. "Hii ni ya kumtisha mbu."

Lowell kaniazima bunduki ya kumi na saba siku chache. Muungwana.

Alhamisi, 11 Aprili

Yadi mia moja, raha tupu. Bega halijui kama nimepiga. Jicho kimya.

Yadi mia mbili — upepo wa Montana umeibeba risasi kama unyoya. Ya kwanza kushoto kiganja kizima. Ya pili sijui iko wapi. Na kindi mmoja nimemjeruhi tu. Ikabidi nimfuate kwa miguu kummaliza. Sikupenda. Wanatuharibia shamba, lakini hawastahili hivyo.

Hiyo hapana.

Jumatano, 17 Aprili

Honeti: nzuri hadi yadi mia na hamsini, kisha inachoka kama mimi nikipanda ngazi. Hapana.

Zimebaki mbili. Chakula cha jioni kimepoa tukibishana. Merle anashika mbili-mbili-tatu: risasi zake zipo hata duka la vyakula vya mifugo. Anasema mbili-mbili-mbili nitaitafuta kama dawa ya mzee. Kweli. Lakini nimezipiga zote mbili, risasi kumi kumi, nimepima karatasi kwa rula. Mbili-mbili-mbili matundu yake yamegusana. Na teke lake — kama mtu anakugusa bega kukuuliza saa.

"Tofauti ya teke ni ndogo mno," akasema.

"Jicho ni la nani?"

Akachukua sahani, akaenda kuosha. Hilo kwake ni kushindwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimechukua mbili-mbili-mbili. Ya zamani, mti wake umechubuka, mtutu mzuri. Lowell hakuwa na risasi ila boksi mbili. Nyingine nitajaza baruti mwenyewe, nina vifaa. Merle aliendesha akiichungulia kwenye kioo. Kisha, getini: "Ina sura nzuri, hata hivyo."

Jumapili, 28 Aprili

Kindi kumi na wanne, wote papo hapo. Nimefukia mashimo manane kwenye njia ya farasi. Vimulimuli hakuna. Nimetengeneza mkate wa mdalasini bila sababu.

Jumamosi, 4 Mei

Mashindano ya klabu ni kesho. Nimejaza risasi arobaini, ishirini na tano za mashindano, zilizobaki za kujipima leo. Nilikuwa nimepiga tano tu Merle alipokuja na kiti chake.

"Niazime nijaribu hicho kijiti chako."

Miaka yote Merle hakosi sababu akikosa shabaha: upepo, darubini, chai niliyompa. Nimeketi kando yake, naandika juu ya goti. Risasi ya kwanza sikutazama karatasi, nilimtazama yeye. Hakufumba macho. Ndipo nikajua kwamba kwa zile kubwa huwa anayafumba, miaka thelathini na sita, na hajawahi kuniambia teke linamwogopesha.

Ya kwanza, ndani. Ya pili, ndani. Masikio yake yamekuwa mekundu.

Zile kumi zilizobaki za kujipima zimekwisha. Nilimwambia. Amesema "ngoja, mama," na mkono wake umo kwenye boksi la kesho. Anauliza upepo ukoje pale mferejini. Sikumzuia; nimemwambia unatoka kushoto, asogeze mtutu kidogo. Anasogeza —