Kadi Kabla ya Siku ya Arobaini na Tisa

Jumatano, 3 Oktoba

Siku ya thelathini na mbili tangu mume wangu Teruo aondoke.

Benki tena. Kijana wa kaunta aliniinamia mara tatu, kisha akasema yale yale. Akaunti ya marehemu imefungwa. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo sheria inamhesabu dada yake kuwa mrithi pamoja nami. Bila wifi Fusae kugonga muhuri wa jina lake kwenye fomu, haitoki hata yeni moja.

Nikampigia simu kutoka kituo cha basi. Hakukataa. Alisema tumalize kwanza siku ya arobaini na tisa, roho inapoiaga nyumba, tumsindikize mdogo wake kwa heshima, muhuri utafuata. "Na zawadi za shukrani zitoke Minoriya, duka la heshima," akasema. "Usije ukazifunga kwa karatasi ya supamaketi. Watu watatucheka."

Watu arobaini na sita walitoa rambirambi. Nusu ya alichotoa kila mmoja lazima imrudie kama zawadi. Na rambirambi zenyewe zimekwisha — hospitali, mazishi. Kwenye kitabu changu cha posta zimebaki elfu sitini na moja. Zawadi zinataka laki mbili na themanini.

Nimepika wali wa watu wawili. Tena.

Ijumaa, 5 Oktoba

Minoriya, ghorofa ya sita. Binti wa kaunta ya zawadi anaitwa Kuramoto, mpole, ana plasta kwenye kidole gumba. Akaniuliza kama nina kadi ya duka. Anayenunua kwa kadi hurudishiwa asilimia tano kwa pointi. Moyo ukaruka.

Kisha akainamisha kichwa. "Ila seti za zawadi, mama, ni asilimia moja tu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo. Hata mimi mfanyakazi napata hiyo hiyo moja."

Nimepiga hesabu nyuma ya mfuko wa dawa za Teruo. Pointi za yeni elfu mbili na mia nane. Ada ya mwaka, elfu mbili mia moja sitini. Faida ni bakuli moja la tambi. Kwa hesabu hiyo kadi haina maana.

Lakini anayenunua sasa hulipa tarehe kumi Desemba. Hicho ndicho ninachokitaka — si pointi, ni siku sitini. Ndani yake wifi atakuwa amegonga muhuri. Asipogonga, itabidi nilipe kidogo kidogo, riba asilimia kumi na tano, kwa mshahara wa elfu hamsini na mbili. Nitalipa mpaka nizeeke zaidi ya hapa.

Mwisho wa kuagiza ni Ijumaa ijayo.

Teruo alikuwa akihifadhi mifuko ya Minoriya chini ya kabati, imenyooshwa vizuri. Akiwapelekea majirani matunda ya uani, anayatia humo. "Ndani bure, nje Minoriya," anasema, na kucheka peke yake.

Jumapili, 7 Oktoba

Nilisahau kuwa amekufa. Dakika moja hivi, nikimenya chungwa. Nikamwekea nusu.

Jumanne, 9 Oktoba

Jikoni kazini, tukipanga vyakula vya mchana kwenye visanduku, nikamweleza mwenzangu Hatsuyo.

"Si Teruo aliacha kadi yake ya kununulia? Itumie. Mashine itajua nani kafa?"

Nikamwambia inakata kwenye akaunti ile ile iliyofungwa.

"Basi nunua majani ya chai sokoni, uyatie kwenye mifuko ya marehemu."

"Wifi atajua. Anakagua hata gundi."

"Mwambie ukweli, bibi wee. Mwambie huna."

Miaka thelathini na nane wifi ananiita yule msichana asiye na kitu ambaye mdogo wake alimwokota. Nianze leo kumthibitishia?

Hatsuyo akanisukuma kwa kiwiko. "Utaolewa na hiyo kadi. Na mume huyo ndiye atakayekula mshahara wako." Nikacheka, nikatia matunda mawili ya chumvi, badala ya moja, kwenye kisanduku cha mtu mmoja. Sijui nani alibahatika.

Jumatano, 10 Oktoba

Wifi kapiga simu. Mimi usinihangaikie, anasema, chochote kitanitosha — ila nina taulo chakavu, na zile nene za Minoriya ni nzuri. Kwenye rambirambi alitoa laki moja, kwa hiyo taulo za elfu hamsini.

Nikafungua kinywa nimwambie. Nikasema, "Sawa, dada."

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimekwenda. Kuramoto akanipa fomu ya kadi. Kazi, mshahara, miaka ya kazi. Kwenye kisanduku cha mkuu wa kaya mkono wangu ukaandika Aizawa Teruo, wenyewe. Kuramoto akaona. "Kama ametangulia, mama, inabidi jina lako." Akaniletea fomu mpya bila kuniangalia.

Nikaandika Aizawa Sumie. Sijawahi kuliandika mahali hapo.

Wakapiga simu jikoni kunihakiki. Sauti ya Hatsuyo ilivuja nje ya simu: "Yupo hapa mwaka wa kumi na moja na hajavunja yai!" Wakakubali. Kadi ya muda ikawa tayari, imebaki sahihi tu.

Ndipo lifti ikafunguka. Wifi Fusae, na mwavuli wake. Amekuja kuchagua rangi ya taulo.

Aliisoma fomu kichwa chini, upande wa pili wa kaunta.

"Mkuu wa kaya nani?"

"Mimi, dada."

"Tangu lini? Mdogo wangu hajatimiza siku arobaini na tisa. Bado yumo ndani ya nyumba ile. Unamtoa kwa ajili ya kadi?"

Kuramoto akashughulika na stepla. Wifi akaweka kiganja juu ya fomu.

Nikitia sahihi, nimemkosea, na muhuri siupati. Nikiichana, hakuna zawadi, na muhuri siupati. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyekamatwa. Nikasema naenda msalani.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kifuniko cha choo. Wametangaza kuwa duka linafungwa baada ya dakika ishirini. Naandika haraka, sijui kama nitaweza kuyasoma haya kesho.

Kuna viatu nje ya mlango. Vyeusi, vidogo. Vyake.

"Sumie."

Naendelea kuandika.

"Sumie." Sauti imeshuka, si ile ya kaunta. "Kwani pesa huna?"

Nimeshika komeo, nifungue.