Mjomba, Pua Yangu Imenyamaza

Chumba cha Kuonjea,
Ghala la Ushirika,
Jumatano, 9 Oktoba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa. Binamu aliniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kwake bila kushikwa mkono. Tulifurahi, ingawa Mama alisema huo ni ubishi wako tu, si nafuu. Mama mwenyewe hajambo, bado anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi. Nami sijambo, kwa kutazamwa tu.

Mjomba, naogopa. Nakwambia mapema kabla ujasiri haujaniisha. Mwezi uliopita nilishikwa na mafua makali ya siku nne. Yalipoondoka yaliondoka na pua yangu. Sisikii harufu ya sabuni, ya kitunguu, wala ya buni inayokaangwa hapa mbele yangu. Uchungu nausikia ulimini, na uchachu kidogo, basi. Kahawa imekuwa maji ya moto. Na mimi ndiye mwonjaji mkuu uliyemwachia meza yako.

Sikumwambia mtu. Kila siku nilijikaza kisabuni nikisema kesho itarudi. Unaijua sheria ya meza yetu: hakuna kusema wala kukunja uso mpaka wote wawili wawe wameandika alama. Basi nikaanza kumchungulia mwenzangu. Ni mtu mzima mwenye watoto wawili, tunamwita Kijiko kwa sababu haendi hata msibani bila kijiko chake cha kuonjea mfukoni. Akikawia kutema funda lake, naandika alama nyingi. Akitema upesi, napunguza. Alama zetu zikawa zinakaribiana kila siku, meneja akatusifu kwa kuelewana. Nilicheka naye.

Jumapili nilipeleka nyumbani mabaki ya sampuli, Mama akapika kahawa ya mchana kama kawaida yake na rafiki yake fundi cherehani. Akanywa funda moja, akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Mwanangu, hii umeikaangia kwenye mafuta ya taa?" Fundi naye akasogeza chake pembeni kwa adabu. Mimi nilikuwa nimemaliza kikombe kizima.

Sampuli ile ilitoka kwenye mzigo wa kupakiwa Ijumaa, magunia mia mbili na arobaini, mavuno ya msimu mzima ya majirani zetu wote. Nilikuwa nimeupa alama themanini na nne kati ya mia. Mnunuzi akifungua gunia moja linalonuka mafuta, anaukataa mzigo wote, na mwaka ujao haji.

Jumatatu nilifika ghalani kabla ya mlinzi kufungua mlango wa pili. Nikaingiza pua kwenye magunia, moja baada ya jingine, kama mbuzi aliyekosa chumvi. Sikusikia kitu. Kijiko alipokuja nilifunga mlango, nikageuza kiti changu nikatazama ukuta, nikamwambia aonje peke yake, kila gunia na kikombe chake. Nilimsikia akifyonza, akitema, akifyonza tena. Kikombe cha saba hakukifikisha hata kooni.

"Mafuta ya taa," akasema. "Dada, hii niliisikia tangu wiki iliyopita."

"Mbona uliandika themanini na tatu?"

"Nilikuona umetulia, umeandika bila kusita. Nikasema basi pua yangu ndiyo mbovu. Wewe umefundishwa na mzee mwenyewe. Mimi ni nani?"

Kumbe wiki tatu nzima pale mezani hapakuwa na mtu aliyeonja kahawa. Mimi nilimtazama yeye, yeye alinitazama mimi. Nikamwambia ukweli wangu wote, nikiwa bado nimegeukia ukuta.

Kufikia jana jioni alikuwa amepata magunia thelathini na moja, yote yaliyoletwa na lori moja lililobeba mapipa ya mafuta siku moja kabla. Yametengwa, na mengine yako salama. Meneja ametushukuru sote wawili. Nilipokea shukrani zile nikitazama viatu vyangu.

Kijiko hajanitaja. Anasema tufunike kombe: yeye aanze kuonja, anikanyage mguu mara moja kwa kahawa nzuri, mara mbili kwa mbaya, nami niandike. Anasema kwa upole kabisa, kama mtu anayempisha mgonjwa kwenye benchi. Nilikaribia kukubali, Mjomba. Ndipo nikakukumbuka wewe.

Mwaka wako wa mwisho hapa ulikuwa ukiniambia kila asubuhi, "Anza wewe, mwanangu, wakubwa huonja mwisho." Nilijiona nimepandishwa cheo. Leo nimekaa kwenye kiti chako, na ninakumbuka ulikokuwa ukitazama. Hukutazama vikombe. Ulikuwa ukinitazama usoni. Kisha ukaacha kazi ghafla, ukatuambia ni macho.

Sikulaumu hata chembe. Kesho saa mbili naingia kwa meneja kumweleza, kwa hiyo sikuombi ruhusa wala ushauri. Nakuuliza jambo moja tu, nalo usinifiche kwa kunihurumia. Ilikuwa pua? Na je, ilirudi? Kama haikurudi, niandikie hivyo hivyo.

Mama anakusalimu, na fundi cherehani, na Kijiko ambaye anakuogopa hata kwa mbali. Nisalimie binamu, shemeji, na yule mjukuu wako mtukutu. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na miguu isiyouma.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Binti wa dada yako