Mawe ya Wasioweza Kutembea

Jumatatu, 6 Januari 1992
Nimefua, nimepika uji, nimefagia mpaka mlangoni kwa jirani yetu Bi Zuhura. Tangu nimalize kidato cha nne kazi ni hizo tu. Sasa nikiri kitu ambacho sijamwambia mtu. Hapa Kaloleni, Kisumu, wote wanajua nimejiandikisha kwa safari ya miguu ya kanisa letu ili nikaombee matokeo ya mtihani. Si kweli. Matokeo siyawazi. Nataka tu kutembea. Nataka kupanda kile kilima cha upande wa Gwassi inakoishia safari, nilione ziwa lilivyo kubwa. Nimezaliwa kando yake na sijaona zaidi ya kipande. Naona aibu. Furaha pia.

Alhamisi, 9 Januari
Mkutano wa kupanga safari. Mzee Okumu, kiongozi wetu, alichora njia kwa chaki sakafuni mwa kanisa. Kisumu, Bondo, Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, kisha miguu tena hadi kilimani. Makanisa makubwa hayaijui njia hii. Tutalala kwa waumini, wanawake ndani, wanaume nje na mbu. Wanaume wakalalamika. "Mbu nao ni waumini," Mzee akasema. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya nguzo.

Kila msafiri hubeba jiwe dogo la ombi lake, akaliache juu. Lakini kwanza asimame mbele ya kanisa, alitaje ombi hilo, na kama ni kijana, mzazi wake aitikie. Bila hivyo haendi. Hili sikulijua.

Jumapili, 12 Januari
Nilisimama. Sauti haikutoka. Nikaketi. Wakanipigia makofi ya huruma. Afadhali wangecheka. Mzee amenipa Jumapili moja tu zaidi.

Jumatano, 15 Januari
Mazoezi ya kutembea. Mimi na Mama, Kaloleni hadi Migosi, kupeleka mandazi kwa wateja wake. Miguu yangu ni mizuri. Ningeweza kuendelea tu.

"Sema 'matokeo', basi," Mama ananiambia. "Neno moja, nyathina. Hata kasuku anaweza."

Ananiita nyathina, mtoto wangu, akiwa na furaha. Ataitikia kwa sababu ya matokeo, si kwa lingine. Msichana haachiwi barabara yote hiyo kwa matembezi, amesema. Basi nikidanganya nitakwenda. Nikisema kweli nitabaki. Na uongo wenyewe niubebe hadi kilimani, niuweke mbele ya Mungu. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 19 Januari
Nimesema! Nimesema kweli yote. Sina ombi. Nina furaha, na nataka kuliona ziwa kutoka juu.

Kisha mama mmoja wa nyuma: "Kumbe huyu anaenda pikiniki!" Kanisa zima likacheka. Sikuthubutu kumtazama Mama.

Mzee Okumu alikuna kichwa. Akasema kuna wagonjwa na wazee wasioweza kutembea, na kila mwaka mawe yao hubaki, maana kila msafiri ana lake. "Huyu mikono yake mitupu. Abebe yao."

"Basi mnunulieni mkokoteni!" Ni yule mama wa nyuma tena. Nampenda sasa.

Mzee akauliza kama mzazi anaitikia. Mama hakusimama. "Nitafikiri," akasema, akatoka nje.

Jumatano, 22 Januari
Mama hasemi nami ila "lete chumvi". Watu hawakungoja jibu lake. Mawe yanaletwa. Mwalimu wa zamani aliyepooza ametuma la kwake limefungwa kwenye leso. Bi Zuhura, ambaye ni Mwislamu, naye ameleta. "Mungu si yule yule? Mwambie ni la goti la kushoto. Asije akatibu la kulia bure." Nimeyaosha yote. Kila moja lina mwenyewe, na wenyewe wameniamini mimi, ambaye hata dukani naagiza kwa kunong'ona.

Kila anayeleta jiwe Mama anampa chai. Hilo ni jibu? Sijui. Nisipoenda, nitawarudishiaje?

Ijumaa, 24 Januari
Nakwenda. Tunaondoka kesho alfajiri. Mama alipita kwa Mzee Okumu mchana, akaitikia. Hakuniambia. Nimeambiwa na Bi Zuhura, aliyepiga kigelegele juu ya ukuta mpaka kuku wakatawanyika.

Wakati wa chakula Mama aliweka jiwe mezani kando ya sahani yangu. Jeusi, laini, la ufukweni.

"Usiulize," akasema. "Na uvae soksi."

Sikuuliza. Tulikula omena, dagaa wa ziwani. Akaniongezea ugali.

Mzee ameagiza mawe yote yakae katika begi moja, lisipendelewe hata moja. Nimeyafunga vizuri. Moja halimo. Liko mfukoni mwa sketi yangu na limeshapata joto. Kama kuna mtu atakayesoma hapa, nakuomba, usimwambie Mzee.