Lensi ya Papa Hubert

Jumanne, 4 Juni

Mama Huguette wa kamati ya jubilei amekuja asubuhi. Amekanyaga sementi mbichi ya mlangoni — fundi alimaliza jana tu! Ngazi mbili. Maji ya ziwa yalipotuingilia mwezi wa nne tuliamua kuinua mlango, na sasa kila mgeni anajikwaa.

Habari yenyewe: wananitaka mimi nipige picha za jubilei ya Sista Emérance. Miaka ishirini na mitano ya nadhiri, Jumapili tarehe 23. Mimi! Si Papa Hubert, mzee wetu wa studio, ambaye amepiga kila sikukuu ya parokia hii tangu sijazaliwa. Hata ubatizo wangu alipiga yeye. Nikauliza kwa nini. Ati mwenyewe amesema amechoka, wamtafute Falone. Amechoka! Mtu hachoki ghafla na kazi inayomlisha. Kuna kitu hapo.

Sharti: hakuna flashi. Padri ameikataza tangu kipaimara, siku ile flashi sita zilipomlipukia askofu usoni kwa pamoja. Na kanisa letu lilivyo — kuta nene, vidirisha vya vioo vya rangi, umeme unaokuja unapotaka. Lensi yangu, ile iliyokuja na kamera, nikivuta karibu inafungua 5.6 tu. Mwanga hauingii. Nikilazimisha, picha inatoka na chembechembe kama imemwagiwa mchanga. Nahitaji inayofungua 1.8 au chini zaidi. Namba ikiwa ndogo, jicho la lensi linafunguka zaidi.

Kamati inataka kuona picha za majaribio Ijumaa tarehe 14. Nikishindwa, wanamwita binamu wa mweka hazina. Anapiga kwa simu. Simu!

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa Jovial, karibu na bandari, yule anayeleta vitu kutoka Kigoma. Ana 50 inayofungua 1.8, inajitafutia fokasi yenyewe. "Mupya kabisa, ya mu carton!" Carton ipo, sikatai. Lakini gundi imebandikwa mara mbili. Nikasoma namba ya kwenye boksi, nikasoma namba ya kwenye lensi. Hazifanani!

Jovial akacheka mbele ya wateja wote. "Mama Falone, weye unanunua namba ao unanunua lensi?"

Nikamwambia nanunua vyote viwili. Akairudisha kwenye kabati la kioo.

35 ingenifaa zaidi. Kwa kamera yangu 50 inavuta karibu mno — masista kumi na wawili katika picha moja, nitarudi nyuma mpaka niingie kwenye kiti cha kuungamia. Lakini bei ya 35 niliiuliza mara moja, sikurudia.

Nimefika nyumbani mikono mitupu. Lucie, mdogo wangu, amenicheka vizuri. Ati mimi hata mshumaa wa Pasaka nitauliza nani aliuwasha na kwa nini. Acheke tu. Mtu akikuuzia haraka ana sababu yake.

Jumamosi, 8 Juni

Papa Hubert ameniita! Amesikia natafuta. Ana 50 yake ya zamani, ya enzi za filamu, chuma kitupu, na pete ya kuifunga kwenye kamera za siku hizi kama yangu. Inafungua 1.4. Fokasi ni ya mkono, unazungusha mwenyewe. Na bei — nusu ya ile ya Jovial. Nusu! Kwa lensi ambayo mwaka jana alikataa hata niishike.

Nimeingia studio yake, pale nyuma ya stesheni ya gari la moshi. Yeye: "Martine, ingia." Martine ni binamu yangu, mrefu, yuko Nyunzu mwaka wa tatu sasa. Nikasema, ni Falone, papa. "Aah, Falone! Jua iko nyuma yako, njo maana." Ndiyo maana gani? Jua lilikuwa nyuma yake yeye.

Nikampa mkono. Mkono wangu ukabaki hewani! Hakuushika. Alikuwa anaisifu lensi, vidole vyake vinaipapasa kama mtu anayechambua mchele. Nimeelewa mchezo. Ananifanya mtoto asiyejulikana, anidharau kidogo, nione haya kuomba punguzo. Lakini bei tayari iko chini. Sasa anadharau nini? Sielewi. Nikielewa nusu ndiyo nashuku zaidi.

Nimemwambia nitafikiri.

Jumapili, 9 Juni

Nimekamata!

Baada ya misa nilikwenda kwenye kamba. Papa Hubert bado anaanika picha zake kwenye ua wa kanisa, kila moja na kibanio chake cha nguo, watu wanapita wanajitafuta, wanalipa, wananyofoa. Komunyo ya kwanza, wiki mbili sasa. Nusu ya kamba bado imejaa. Nikasogea. Watoto wote ukungu! Nyuso kama zimepakwa mafuta. Lakini ukuta wa nyuma — kila tofali unalihesabu. Picha baada ya picha. Lensi inashika nyuma ya mtu. Imekufa. Au imeota kuvu ndani, kwa unyevu huu wa ziwa. Ndiyo maana ya nusu bei! Ndiyo maana ya kuchoka! Anataka kunitupia uozo wake kabla ya jubilei, niaibike mimi.

Mama Huguette alikuwa pembeni yangu. Nimemwambia yote. Sikunong'ona. Nimesema lensi ya Papa Hubert imeoza, tazama mwenyewe. Mama wengine watatu wakageuka. "Kumbe!" Mama Huguette akasema. "Na siye tulikuwa tunasema labda watoto walitikisika."

Nimerudi nyumbani najisikia mwerevu.

Jumatano, 12 Juni

Hakuna lensi nyingine mjini. Nimemeza kiburi, nimeenda kuiazima siku moja nijaribu. Hakutaka dhamana. Hata kitambulisho hakutaka! Hilo pia limenitia shaka.

Nimeipitisha tochi ndani. Hakuna kuvu. Nimeipitisha tena. Vumbi kidogo tu.

Nimemkalisha Lucie stoo, mlango nusu wazi, gunia la unga nyuma yake. Giza kama la kanisani, pengine zaidi. Nikafungua 1.4, nikazungusha fokasi taratibu mpaka jicho lake likatulia. Nikapiga. Nikakuza kwenye skrini.

Kope. Kope moja moja!

Nikasema ni bahati. Nikapiga thelathini. Kwa 1.4 kuna mng'ao laini kidogo kwenye pembe, kwa 2 ni safi kabisa. Nikageuza pete, nikakaza, nikalegeza. Safi. Lensi hii ni nzima. Ni bora kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Basi nani aliharibu komunyo ya watoto?

Nimekaa juu ya gunia. Fokasi ni ya mkono. Unazungusha mpaka uone uso umetulia. Mpaka uone. Ameniita Martine. Mkono wangu umebaki hewani. Jua lilikuwa nyuma yake.

Lucie akasema, kana kwamba si kitu, kwamba wiki iliyopita sokoni Papa Hubert alinunua ndakala, dagaa wetu wa ziwa, kwa mama mmoja akamlipa wa pembeni. Watu walicheka, na yeye akacheka nao.

Naona aibu. Naiandika hapa kwa sababu sina pa kuisema. Na nilisema kwa sauti kubwa namna ile.

Ijumaa, 14 Juni

Kamati imeona picha za Lucie na gunia lake. Wamekubali. Kazi ni yangu.

Nimepeleka pesa kwa Papa Hubert. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Sikuyatumia. Ameanza yeye: "Mama Huguette alinipitia. Anasema apareyi yangu imeoza. Anasema njo weye ulisema."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafungua mdomo niombe msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Usikatae. Waache waseme ivyo. Lensi imezeeka, njo yenyewe ilikuwa inaharibu. Na weye, wakikuuliza, sema ulinunua ku Jovial. Yangu sema niliitupa."

Nikamtazama usoni muda mrefu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima. Hakugeuza macho. Hakujua namtazama.

Masomo yanakwisha mwezi ujao. Shule mbili zimemwahidi picha za wanafunzi, kama kila mwaka. Ndicho chakula chake cha kiangazi. Nani atampa watoto mia tatu mpiga picha asiyewaona? Lakini mpiga picha mwenye kamera mbovu, huyo anahurumiwa, anaambiwa nunua nyingine. Uongo wangu umemfaa. Ameukamata kama fimbo.

Hakulitaja neno macho. Mimi pia sikulitaja. Nimesema sawa, papa, nitasema Jovial.

Njiani nikawaza tena: au alinichagua kwa ajili hii? Aliwaambia kamati Falone, kwa sababu Falone ni mtoto wa hapa, atanyamaza? Sijui. Natamani angekuwa amenichagua kwa sababu napiga vizuri.

Jumapili, 23 Juni

Nimechoka ila niandike.

Umeme ulikatika kwenye Gloria. Watu waliguna. Mimi nikafungua 1.4. Sista Emérance alipopiga magoti, kidirisha cha kulia kilimwangazia shavu, na nimeipata — machozi, mkunjo wa shela, vyote. Najua nimeipata.

Papa Hubert alikuja. Koti lake la mifuko mingi, kamera shingoni na kilensi kidogo cha zamani. Watu wakampisha kama kawaida. Alikuwa anaelekeza kamera kwenye sauti. Kwaya ikiimba, anageukia kwaya. Padri akisema, anageukia padri. Vizuri kabisa! Lakini Sista alipiga magoti kimya. Kanisa zima kimya. Papa Hubert akapiga, akapiga tena, kamera yake imeelekea kiti kitupu.

Nikasogea nikasimama kati yake na watu wa kamati. Sijui kama ilisaidia.

Halafu nje — Jovial! Anamwambia kila mtu kwamba lensi yake bado iko kwenye kabati, anayeitaka aje, Falone aliikataa kwa sababu ya namba. Na mimi nilishawajibu watu kwamba nilinunua kwake.

Jumanne, 25 Juni

Jumapili ijayo naanika. Picha mia mbili, na kamba yangu mwenyewe. Kila mtu ataziona.

Mama Huguette amekuja mapema kuchagua za masista. Yuko sebuleni na Lucie. Ameshika ile ya machozi hataki kuiachia. Ameuliza: "Falone, kama hukununua ku Jovial, hii ulipiga na lensi gani?" Nikasema ngoja nilete bahasha. Niko chumbani. Bahasha iko mkononi tangu saa ile. Naandika ili nipate dakika.

Niseme nini? Nikisema ni ya Papa Hubert, watauliza sasa kwa nini yeye alikuwa anaharibu. Hawahitaji kwenda shule kujibu hilo. Na shule mbili zile zitakuja kwangu. Ndilo linaloniumiza — nimeshahesabu hivyo. Nimelala nalo usiku wa jana, shule mbili zile. Siku zote nashuku watu. Leo najishuku mimi. Pale kwenye kamba nilipopaza sauti, nilikuwa nawaonya watu, au nilikuwa natafuta wateja?

Nitasema niliazima kwa mtu wa Lubumbashi. Ndiyo. Mtu wa Lubumbashi, amesharudi.

Kuna mtu uani. Anakohoa. Namjua kwa kikohozi. Dirisha la chumba hiki linaangalia mlango — ni yeye, na koti lake, mkono kwenye ukuta. Anatembea haraka jinsi anavyotembea mahali anapopajua. Nyumba hii anaijua tangu ubatizo wangu. Lakini ngazi hazikuwepo

Nimepiga kelele dirishani: "Papa! Ngazi! Mbili, ziko mbele ya mguu wako!"

Amesimama. Mguu mmoja juu. Ameushusha polepole, ameipata ya kwanza. Amegeuza uso kuelekea sauti yangu na anatabasamu kidogo, kama ninavyowaza alivyocheka na watu wa sokoni.

Huko sebuleni Mama Huguette, si kwa ubaya, anamuuliza Lucie: "Ngazi? Kwani Papa Hubert haoni?"

Papa Hubert amesikia, mlango uko wazi.

"Mama Huguette, njo weye?" anasema. Ameipata ngazi ya pili. Nasikia Lucie anamvutia kiti. Natakiwa kutoka na bahasha, na mtu wa Lubumbashi hatufai tena.