Alichotia Thorvald Kwenye Kahawa Yangu

Maren, pokea simu basi!

Yule Thorvald wa maabara yetu, nimemkuta anadondosha kitu kwenye kikombe changu cha kahawa. KIKOMBE CHANGU.

Si unaijua ile minyoo yetu ya kwenye darubini? Dume likikosa kemikali fulani ya ubongo, linampita jike kama halimwoni. Likiwekewa, linamganda.

Nikamuuliza, "Umetia nini humo?" Akacheka! "Ni kemikali ile ile, Signe, ila ya binadamu. Nilitaka tu uanze kuniona."

Uanze kuniona!! Shosti, mimi ni mnyoo?

Halafu eti, "Haina madhara. Mbona Jumatatu hukulalamika?"

JUMATATU. Jumatatu nilikunywa kikombe kizima, Maren. Kusikia hivyo, nikatapika kwenye sinki palepale mbele yake.

Nikakibeba kikombe mpaka kwa bosi wetu, Profesa Haugen. Mama wa watu akafunga mlango, akasema, "Kaa hapa. Usimwage hata tone." Akaita walinzi. Wakati wanamtoa, Thorvald analalamika, "Jamani, utani tu!"

Polisi wanakuja. Njoo unichukue, gari langu limefukiwa na theluji.

Nimesukutua mara tatu. Bado naisikia mdomoni ile kahawa ya Jumatatu.