Managu Hayakukuua

Mama,

Wanasema ni managu, ile mboga yako chungu, yaliyokuua. Daktari alisema homa ya mapafu, sote tulimsikia, lakini Baba Mdogo ameshikilia lake. Sasa anataka kuling'oa shamba lako lote la managu nyuma ya nyumba, apande kabeji. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha wakulima hapa kijijini Kimumu, na siku hizi mwenyekiti akisema, hakuna anayekohoa.

Mimi nimekohoa.

Mazishi yako yalingoja wiki nzima, kaka afike kutoka Mombasa. Baba Mdogo akaleta viazi vya Timboroa, akavimwaga uani, juani, ili waombolezaji waone hapa hakuna njaa. Unajua tunavyopenda kuonekana. Siku ya kukuzika vilikuwa vimegeuka kijani, vikapikwa hivyo hivyo na maganda yake. Nilisema visiliwe. Nani anamsikiliza mfiwa? Jioni watu walitapika, wengine wakabebwa. Managu yalikuwa sufuria moja tu, lakini lawama zote zikaenda huko kwa sababu ni machungu, na kutoka hapo wakasema ndiyo yaliyokuua wewe pia.

Nilikasirika, Mama, na bado nimekasirika. Wewe ndiye uliyenifundisha kukitupa kiazi cha kijani: "Hiyo sumu moto haimalizi, Jerop." Na managu nichume majani machanga, matunda mabichi nisiyaguse. "Maji ya kwanza mwaga, hiyo ndio iko na ukali." Kisha maziwa, kisha yalale chunguni hadi kesho yake. Ulikuwa ukinionjesha mimi kwanza, eti nina ulimi wa mbuzi, halafu unacheka peke yako. Jikoni sasa kumekuwa kimya sana.

Jumapili waombolezaji walirudi kwa maombi. Niliyapika ulivyonifunza, nikaketi mbele ya Baba Mdogo, nikala sahani nzima pole pole huku namtazama. Nikaongeza. Sikuumwa hata tumbo. Akafuta mdomo, akasema trekta inakuja Jumatatu hata hivyo.

Hapo nikajua habari haikuwa sumu. Anataka shamba, na amengoja ulale ndipo aseme.

Basi nakuahidi, trekta hiyo itanikuta nimesimama katikati ya managu, na dereva itabidi aamue. Mama Chebet wa jirani amesema atasimama nami, ingawa mumewe amemkataza.

Kwaheri, Mama. Wewe pumzika. Hii ya Jumatatu niachie mimi.

Binti yako,
Jerop