Gari Lisilo na Kwao Kumoja

Mjini Baraka, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inasemaje? Na kile kikohozi cha moshi wa samaki, kimekuacha au bado mnalala nacho? Mimi ni mzima, nakula vizuri, hata yale mashati uliyonishonea yameanza kunibana mabegani. Bibi, mama yako, naye yupo, na habari zake utazisikia humu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ulinilalamikia kwamba simu ikikatika sauti yangu inakwenda nayo, lakini barua unaweza kumwambia Riziki akusomee tena kesho. Basi mdogo wangu Riziki, soma polepole na usiruke mahali.

Mama, nina gari.

Najua umecheka. Hata mimi sijazoea. Asubuhi natoka nje na mswaki mdomoni, nalikuta limekaa pale uani lina umande, mbele yake ziwa limetulia, ng'ambo naiona rasi ya Ubwari, na nyuma ya Ubwari najua mko ninyi, Kigoma, mnawasha moto. Nasimama hapo mpaka povu linanikauka mdomoni. Majirani wanadhani nasali.

Nimelitafuta kwa ajili ya neno lako la mwaka jana. Ulisema ungerudi kwenu, ila miguu yako haiwezi tena mlima wa kwenda Fizi. Nikasema moyoni, basi, miguu nitaitafuta mimi.

Amenipa Papa Saidi, yule mwenye maboti ninayemtengenezea injini. Tulikubaliana kwamba ujira wa misimu miwili uwe Lendrova yake ya zamani, iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani. Inanizidi umri, tena kwa mbali. Huku mtu hakuuzii gari kuukuu kwa kukupa funguo tu. Lazima mlizunguke pamoja, akuambie kila kipande kimetoka wapi, usije ukasema baadaye kwamba ulifichwa. Tulizunguka tangu chai hadi adhuhuri. Bodi na usukani vilivuka ziwa kutoka huko mliko, ndiyo maana usukani uko kulia, wakati magari ya hapa yanao kushoto. Injini ni ya lori lililozeekea Mboko. Mlango mmoja ulikuwa wa gari la mapadri wa milimani, na chini ya rangi msalaba bado unaonekana. Papa Saidi, Mwislamu asiyekosa swala, aliupapasa kwa mapenzi akasema, "Huu njo unafungaka vizuri kushinda yote."

Nikamuuliza, "Sasa Papa, gari hili ni la wapi?"

"Haina kwabo moja," akajibu. "Iko sawa na we. Umezaliwa Tanzania, mama yako Mubembe wa hapa, unasemaka Kiswahili ya redio. Batu banakuchekaka. Lakini unatembea, ama hautembee?"

Nilicheka, lakini maneno yale yaliniingia, Mama. Mwaka wa nne huu naishi katika nchi uliyonisimulia tangu nikiwa mgongoni kwako, na bado wananiita Mutanzania. Nikazipokea funguo kama mtu aliyepewa ndugu.

Mbao za nyuma zilikuwa zimeoza, nikamwita fundi wa mitumbwi kutoka Ubwari, maana mbao anazijua. Alifanya kazi wiki nzima huku akiimba. Mvua ya kwanza iliponyesha, nilikuta gari limejaa maji mpaka ukingoni na hakuna tone linalotoka. Alikuwa ameziba kila ufa kwa pamba na mawese, kama anavyoziba boti! Nilipomlalamikia, alinitazama kwa huruma.

"Kaka, ulitaka maji ipite? Toka nizaliwe, mi sijatengeneza kitu ya kupitisha maji."

Kabla sijatoboa matundu, jirani yangu mama Zabibu alishafika na beseni la mihogo, akaomba airoweke humo siku tatu tu. Ningekataaje? Kwa siku tatu gari langu la kwanza duniani lilinuka mihogo iliyochacha, na mimi nilikuwa na furaha tele, wala sijui kwa nini.

Jumatano nikampeleka Bibi Fizi, akaone mlipokuwa mnakaa. Alivaa kitenge kipya, akaketi mbele, kushoto. Kwenye kizuizi cha kwanza mlinzi akaja moja kwa moja dirishani kwake.

"Mama, permis."

"Permis ya nini?"

"Ya kuendesha gari."

"Mi siendeshe," Bibi akasema. "Inaenda yenyewe."

Mlinzi akachungulia ndani, akautafuta usukani mbele ya Bibi, asiuone. Mimi upande wa pili nimenyoosha karatasi zangu zote, hakuna anayenitazama. Mwishowe akashusha kamba, akasema kwa adabu, "Basi Mama, uende polepole."

Tangu hapo Bibi alilichukulia gari kuwa mikononi mwake. Kila kona aliinamia upande wa kona, kulisaidia likate. Tulipanda taratibu sana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, mara unaona mihogo, mara huoni kitu, halafu kwa ghafla ziwa lote liko chini yako, kimya, na vyombo vya wavuvi havijongei. Injini ilikuwa ikinguruma kwa sauti moja, na kuna mahali nilihisi nimewahi kupita pale, nikiwa mdogo, nawe umenishika mkono. Mimi ambaye nilizaliwa ng'ambo! Ni masimulizi yako, Mama. Nimeyaendesha barabarani.

Mlipokuwa mnakaa sasa ni shamba la watu, wema tu, walitupa viti na ndizi. Bibi alikaa akitazama mteremko, kisha akaniuliza bila kugeuka.

"Mama yako anaogopaka nini kurudia?"

"Miguu, Bibi."

Akacheka. "Miguu? Ule alishuka mulima yote hii na we mu tumbo, mpaka ku maji! Hapana miguu. Anawaza mi niko na kasirani, juu ya vile aliniacha."

Mama, nisamehe, nilijua kwamba amesema kweli. Nimekuona ukinyamaza kila jina lake linapotajwa.

"Umwambie," akasema, "siku ile ya vita, ni mi nilimusukuma mu mutumbwi. Alikuwa analia, anashika kitenge yangu. Mi njo nilimutoa vidole kimoja kimoja. Sasa nitamukasirikia muntu nilimufukuza mi mwenyewe, ili apone?"

Nililia, na sioni aibu kukuandikia.

Wakati wa kurudi nikamfungulia mlango wa mbele. Akakataa. Akapanda nyuma, kwenye magunia ya mihogo, akasema kiti kile kina mwenyewe, na mwenyewe yuko Kigoma. Nilidhani ni siku ile tu. Lakini leo kanisani ni vilevile, na juzi zahanati vilevile: bibi wa umri ule yuko nyuma kwenye mbao, akitaka nisimame anagonga kwa fimbo, na mbele kushoto hakuna mtu. Watu wananisema njia nzima. Mjomba Asukulu, kaka yako, amenifokea mbele ya wageni, naye anakusalimu sana. Mama Zabibu, jirani yangu wa mihogo, anakusalimu. Papa Saidi, tajiri wangu, anasema boti yake inakuja huko kila wiki na nafasi yako ipo. Mkumbatie Riziki, na umsalimie mama mchungaji aliyenifundisha kusoma.

Nimembembeleza Bibi, nimemkasirikia, nimemfungia mlango wa nyuma akaupanda kwa juu. Mimi nimeshindwa, Mama. Njoo umshushe wewe.

Mwanao,
Wilondja